Kwa Lindsay Tregenza, Kocha Asiyekaa Benchi

Mwaka umetimia, Lindsay, tangu moyo wako usimame kando ya uwanja wa Wirrabeen, Alhamisi ya mazoezi, filimbi ikiwa mkononi. Hadi leo hatujazoea nyumba isiyo na mtu anayezungukazunguka.

Hukujua kukaa. Chai uliinywa umesimama, pai ya nyama uliila ukitembea. Ulicheza mechi tisini na nne za kandanda ya Kiaustralia kule Adelaide, goti likakusaliti ukiwa na miaka ishirini na saba, ukageuka kocha. Miji sita kwa miaka kumi na moja. Tulipofika mji huu wa Wirrabeen, mkeo Noreen akakwambia, "Sahani zangu sizifungi tena. Ukitaka kuhama, nenda na mpira wako."

Ukabaki. Timu ilikuwa haijashinda hata mechi moja msimu mzima. Miaka minne baadaye uliifikisha fainali.

Siku ile, katika robo ya mwisho ya mchezo, tukiongoza kwa pointi nane, mwanao Darcy aligongwa kichwani. Akanyanyuka, akataka kurudi mchezoni.

"Niko sawa, Baba."

"Leo siku gani?"

"Jumapili."

Ilikuwa Jumamosi. "Kaa chini," ukamwambia.

Mashabiki wakakuzomea. Bert Hocking, mwenyekiti wa klabu, akakufuata kando ya mstari. "Kocha, unaitupa fainali."

"Fainali ipo hata mwakani, Bert. Kichwa anacho kimoja."

Ni sisi wa nyumbani tu tuliojua kwamba enzi zako za uchezaji uligongwa kichwani ukarudishwa uwanjani mara tatu ukiwa hukumbuki hata jina lako, na kwamba maumivu ya kichwa ndiyo yaliyokunyima utulivu miaka yote.

Tulifungwa kwa pointi mbili. Darcy hakusema nawe miezi minane. Kisha asubuhi moja akaja, akakukuta unafyeka majani.

"Ningekuwa kocha mimi, ningemrudisha mchezaji," akasema.

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza."

Akacheka kwanza yeye.

Kombe hukulipata, na lilikuuma hadi mwisho. Hatutalificha hilo.

Unakumbukwa na mkeo Noreen. Binti yako Corinne. Mwanao Darcy, mzima wa mwili na akili. Na mjukuu wako Elspeth, aliyezaliwa mwezi Machi, ambaye hukujaliwa kumbeba. Hatujakusahau hadi leo, Lindsay, wala hatutakusahau kamwe.