Sahani ya Nyonyo za Mama

Gitega, Jumanne

Na bado vidole vinanuka moshi, hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Nilimwomba Mama aniletee mafuta ya nyonyo kutoka Butihinda. Sikumwambia asikaange mbegu. Kwake ni lazima zikaangwe kwanza. Ndivyo alivyotengeneza mafuta ya kutupaka tangu tulipokuwa Tanzania. Yakafika meusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Nikanuna siku nzima.

Lakini mengine sina, na leo ilikuwa lazima nimwonyeshe mzee Haruna, mkuu wa karakana, kwamba plastiki tunayoitengeneza kwa mafuta ya nyonyo inaweza kuyeyushwa na kutumika tena. Sahani za mwanzo zote ziliungua tulipozirudisha kwenye moto.

Sahani ikatoka ya kahawia. Mzee Haruna akainusa. "Eh, hii iko na harufu ya jikoni!" Kisha akaipiga nyundo. Ikavunjika vipande.

Vipande tukavirudisha kwenye mashine ya kubana, tukatia joto. Ikatoka sahani nzima! Mzee Haruna akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Voilà! Tunaendelea."

Sijui kama kukaanga ndiko kulikosaidia au ni bahati tu. Hilo linanitia wasiwasi, lakini leo acha nifurahi.

Nimempigia Mama kumweleza. Akauliza:

"Kwa hiyo ikivunjika, inarudi kuwa sahani?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hiyo niletee mimi. Wanao huku wamenimalizia vyombo kwa kuvivunja."