Uso Wangu Umemtangulia Doto

Alhamisi. Upepo umeanza alfajiri na haujachoka. Mabati yanalia, vumbi limeingia hadi kwenye sukari, nami nimeshindwa kukaa. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumamosi ni sendofu, sherehe ya kumuaga Doto, pacha wangu, kabla ya harusi. Tunafanana tangu utotoni; hata mama alikuwa akituchanganya. Yeye analima alizeti na mama kule Mungaa, anashinda juani. Mimi nashinda ofisini hapa Singida mjini, kivulini.

Amekuja na mpango. Kwenye sendofu, kabla ya bibi harusi, hutolewa msichana mwingine aliyefunikwa khanga, bwana harusi aseme kama ndiye. Doto anataka nitolewe mimi, uso wazi, gauni kama lake.

"Akikuchukua wewe, Kulwa, shauri yake. Mahari haturudishi!"

Amecheka mpaka akakaa chini. Nimecheka pia.

Mchana tumekwenda kwa fundi kujaribu magauni. Binti yake, mwanafunzi wa sekondari, ametufungulia mlango. Ameniangalia, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada." Kisha akamgeukia Doto. "Mambo?"

"Wee! Huyu tumezaliwa siku moja," Doto akamwambia.

Binti akaona haya. Akaniletea kiti. Mimi peke yangu.

Kiti kile kimeniuma kuliko shikamoo.

Mbele ya kioo tumesimama bega kwa bega. Mikunjo midogo imeuzunguka mdomo wangu, kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Chini ya macho ngozi ina rangi ya jivu. "Upepo huu wa Singida," nimesema, kama ninavyosema siku zote. Fundi akaitikia. Hapa upepo hubebeshwa kila lawama.

Doto akauliza taratibu, "Kwani Mungaa hauvumi?"

Nimeanza kuvua gauni.

Ninavuta sigara tangu chuo. Nimesoma, najua moshi unabana mishipa midogo ya damu, ngozi inakosa chakula na kulegea. Nilidhani hayo yanawasubiri wazee. Nina miaka ishirini na sita. Nimejipaka asali ya Rungwa, mafuta ya alizeti, losheni za kila aina. Kila kitu isipokuwa kuacha.

Jioni nimejificha nyuma ya jiko. Upepo ukazima kiberiti, nikawasha kingine, kikazimika. Mara upepo ukakoma usoni pangu. Doto alikuwa amesimama mbele yangu, ametandaza khanga yake kunikinga.

"Washa basi," akasema. "Unafikiri sikusikii ukinuka? Ila Jumamosi natoka na wewe, hivyo hivyo ulivyo."

Sikuwasha. Sikuitupa pia. Sigara iko mezani ninapoandika.

Siku mbili hazitanirudishia uso, hilo najua. Lakini bwana harusi atakaponitazama, natamani asite kabla ya kusema siye. Hata kidogo tu.

Nikiitupa sasa, nitaamka kesho bila kuitafuta?