Karatasi Niliyoificha Ndani ya Daftari

Papa,

Tangu tulipokuzika hapa Karuba, juu ya shamba la viazi, haya imenizuia kukuandikia. Leo naandika, kwa sababu kwenye mbao za nyumba yetu, ulizozipasua mwenyewe, kuna alama nyekundu. Mtu wa tribinali, aliyetumwa na hakimu, ndiye aliyeipaka. Imeamriwa nyumba iuzwe kwa ajili ya deni la kliniki iliyokupasua tumbo.

Kosa ni langu.

Unakumbuka kule kliniki ulivyotia kidole kwenye wino, ukapiga alama chini ya mkataba wa deni, ukaacha karatasi ya kiwanja rehani ili wakuruhusu kutoka? Mimi ndiye niliyekusomea mkataba ule. Ukaniambia, kama kawaida yako, "Soma mpaka chini, mama. Maneno ya kuuma inakaaka chini." Ukaniomba nisimwambie Mama, ungelipa kwa kupasua mbao. Ugonjwa ukarudi, ukakuchukua kabla ya mbao.

Siku ya mazishi Papa mudogo, ndugu yako, aliuliza, kama ilivyo desturi, "Mwenye anamudai marehemu aseme sasa." Watu wakanyamaza. Kliniki haikutuma mtu. Mimi nilijua, nikanyamaza nao. Aliposema umeenda safi, bila deni, nilijivuna, Papa. Niliamini kwamba deni lisilotajwa kaburini limezikwa pamoja nawe. Wengi hapa wanaamini hivyo.

Kisha ikaja karatasi ya kutuita tribinali. Mama akauliza, "Iko inasema nini?" Nikajibu, "Ni ya masomo." Nilikuwa nimesoma mistari mitatu tu. Niliikunja nikaificha ndani ya daftari la jiografia. Sikutaka asikie jina lako likiitwa jina la mdaiwa. Siku ya kesi tulikuwa tunapalilia maharagwe, na hakimu akaamua bila sisi.

Alama ilipopakwa, majirani walisimama njiani. Mmoja akacheka: "Mutoto wa masomo mingi, karatasi moja imemushinda." Niliingia ndani nikamwambia Mama yote. Hakunipiga. Alinipa karatasi ya hukumu, ile aliyoiacha yule mtu wa tribinali. "Na hii? Umeisoma mpaka chini?"

Sikuwa nimeisoma. Chini kabisa iliandikwa kwamba asiyekuwapo anaweza kurudi kupinga, na siku za kupinga zilikuwa bado hazijaisha. Tulitembea mpaka tribinali, mimi na Mama. Karani alipokea barua yetu ya kupinga, akasema nyumba haitauzwa kabla hakimu hajatusikiliza. Tutaomba kulipa kidogo kidogo, kila mavuno ya viazi. Sijui atakubali. Natumaini.

Jumapili, baada ya ibada, Papa mudogo aliita watu kaburini kwako. Nilikuwa nimemwomba aulize tena. Akauliza kwa maneno yale yale.

"Kliniki inamudai Papa," nikasema. "Na mimi nilijua."

Hakuna aliyecheka. Papa mudogo alivua kofia.

"Basi deni hii njo yetu sisi wote," akasema.

Nisamehe, Papa. Nilidhani nakulinda, kumbe nilikuacha peke yako na lile deni.

Lala salama. Jumanne nitasimama mbele ya hakimu, karibu na Mama, nami nitasema ni nani aliyeificha ile karatasi. Na kila karatasi watakayotupa, nitamsomea Mama kwa sauti, mpaka chini.

Binti yako,
Furaha