Vijiko Vitatu vya Chai

Dada yangu,

Barua yako imefika. Bomba la jikoni limeacha kuvuja, na paka wako amezaa kabatini kwa Baba, juu ya koti lake la kazi.

Chai ya Baba bado naikoroga na ule unga wa hospitali, inakuwa nzito kama uji, isije ikampalia. Kila akimeza namwambia, "Sema aaa," nisikie kama koo limebaki na maji. Tangu nianze kuandika nimeinuka mara nne kwenda kumsikiliza anavyopumua.

Juzi alikisukuma kikombe. "Nimechoka kunywa gundi. Nipe chai, mwanangu." Nikampa vijiko vitatu, bila unga. Alifumba macho, kisha akasema "aaa" mwenyewe kabla sijamwomba, tukacheka. Kesho yake aliamka na homa, kifua kinakoroma.

Muuguzi alipouliza kama amekunywa chochote chepesi, Baba ndiye aliyejibu. "Huyu? Hata tone hanipi."

Homa imeanza kushuka. Leo asubuhi ameomba chai tena. Njoo, dada. Mimi nitamnyimaje mtu aliyenisitiri?

Mdogo wako,
Kitindamimba