Chupa ya Kibandiko Chekundu

Daktari wa juisi, mjukuu wangu,

Nimekwenda kliniki. Maharagwe yako jikoni, yapashe moto. Dari utaifuta wewe, juisi yako ya nanasi ilipofyatua kifuniko alfajiri ilifika huko.

Nilikusikia ukilia: "Mafuta ya mchaichai hayazuii kuchacha, Bibi, nimeshindwa."

Wiki nzima nimekucheka kwamba juisi si mbu, mchaichai wa nini? Nikaapa sitaitia kinywani. Sasa usiende kuwaambia wenzako wa chuo kwamba mafuta hayafai. ~~Labda ni joto tu.~~ Ni mimi. Juzi, siku ya tano, nilionja kijiko kimoja cha ile chupa ya kibandiko chekundu uliyoitia mafuta, nikajikuta nimeimaliza. Kwa kuogopa ulimi wako, nikaijaza juisi nyingine isiyo na hata tone la mafuta. Hiyo ndiyo iliyolipuka.

Daftari ulilotupa nimeliokota, liko chini ya kikaratasi hiki. Andika: siku ya tano, haijachacha, tamu kupita kiasi.

Shahidi wako,
Bibi aliyeapa hataionja