Nilipoandika "Hakuna"

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila siwezi kuanza na wewe bila salamu.

Kuna jambo nililifanya ukiwa hai na sikuwahi kukuomba radhi. Unaikumbuka ile fomu ya kuomba usimamizi wa ubora pale ghalani Kibaigwa? Uliniletea niijaze kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri. Ulikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unachambua mchicha, unanitajia maisha yako: kuchunga mbuzi Kongwa, kulinda kihenge cha mtama cha bibi mwaka wa njaa, kupika pombe ya mnadani, kumuuguza babu miaka ile uliyoacha kufagia ghala. Mimi, mtoto wa kidato cha pili niliyedhani najua mambo ya ofisi, niliona aibu. Penye elimu nikaandika darasa la saba. Penye uzoefu mwingine nikaandika: Hakuna.

Ukaniuliza, "Umeandika yote?"

Nikasema ndiyo. Ukatia sahihi taratibu, ukapuliza wino ukauke.

Hawakukuita hata kwenye usaili. Nafasi akapewa kaka mmoja mwenye stashahada. Mpole tu, simlaumu. Lakini kila lori lilipoingia alichoma magunia kwa bambo, kile chuma chake cha kutolea sampuli, akakuletea punje za mahindi kiganjani: "Mama Nyemo, hebu nionjee haya." Ulikuwa unang'ata moja, unasikiliza inavyovunjika. "Haya yameanikwa chini, yakanyeshewa. Changanya na mengine uone, tutalishana sumukuvu." Anapima kwa mashine yake, mashine inakubaliana na wewe. Kisha anasaini yeye, na wewe unarudi kwenye ufagio.

Hukufundishwa na ghala kusikiliza punje, Mama. Ulifundishwa na kile kihenge. Nami nilikifuta kwa neno moja.

Sasa sikia. Yule kaka amehama, nafasi iko wazi tena. Likizo hii nilitoka Nkuhungu, ninakoishi na mama mdogo tangu tukuzike, nikaja Kibaigwa kuchukua vitu vyako vilivyobaki. Dada Sechelela, yule mfagiaji uliyemfundisha kushika bambo, akanijia na fomu ileile.

"Andika kifupi, Nyemo. Mimi sina kitu." Akacheka. "Au waambie najua kukimbiza ng'ombe."

Nikawaambia. Niliandika kwamba mtu aliyekaa na mifugo kiangazi chote huona ugonjwa kabla mnyama hajalala chini. Niliandika miaka aliyofanya kazi za ndani mjini, akichagua mawe kwenye mchele wa watu. Niliandika kwamba aliacha shule darasa la tano ili wadogo zake wamalize, na wakamaliza. Nafasi kwenye fomu ikaisha. Nikachana karatasi mbili za daftari langu nikaendelea.

Nilizipeleka mwenyewe. Meneja akazigeuza geuza. "Binti, hii ni fomu ya kazi au insha?"

Unanijua, Mama. Mimi ni yule anayejificha nyuma ya kitabu mgeni akibisha hodi. "Ni kazi," nikasema. "Yote hiyo ni kazi." Nikatazama sakafu uliyoifagia wewe. Akanirudishia zile karatasi mbili. Sikunyoosha mkono. Akaziweka mezani.

Walimwita Dada Sechelela kwenye usaili. Wakamuuliza habari za ng'ombe, akawaeleza mpaka chai yao ikapoa. Wamempa nafasi, kwa majaribio ya miezi sita. Majaribio! Yule kaka hakujaribiwa hata siku moja. Dada Seche ananiambia, "Mlango umefunguka, wewe unagombana na bawaba?" Ndiyo, nagombana nayo. Mlango ungefunguka mapema, ungeingia wewe.

Nisamehe, Mama.

Niliomba fomu moja tupu, nimekujazia upya. Mbuzi wamo, kihenge kimo, pombe ya mnadani imo ingawa mama mdogo amenikataza, na babu yumo. Najua haiendi popote. Nitakaa nayo. Na nakuahidi, siku nikiwa mimi ndiye niliyekaa upande ule wa meza, nitasoma mpaka karatasi za nyongeza. Neno lile sitaliandika tena juu ya mtu aliyeishi.

Pumzika, Mama. Safari hii nimeandika yote. Penye sahihi nimepaacha wazi.

Mwanao,
Nyemo