Mibuni ya Kichuguuni

Kimwani, Jumanne

Kahawa! Kahawa kabisa, imejiotea msituni kando ya mto! Tope la mafuriko limepaka mashina ya miti hadi usawa wa kifua changu, lakini mibuni imesimama juu ya kichuguu, kivulini, imejaa matunda mekundu.

Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, mama mkwe hajafungua mzigo aliotoka nao Kanazi. Kila siku, "Mahali pasipoota kahawa si kwetu." Amenichosha!

Leo nikamwekea matunda mkononi. Akatafuna moja.

"Nani kaipanda?"

"Hakuna, Mama. Imeota yenyewe."

Akatema mbegu kiganjani, akazifunga kwenye pindo la kanga yake.

Naogopa kamati ya kijiji isije ikaufyeka msitu ule kwa ajili ya shamba la pamoja. Lakini jioni nimemkuta mama kafungua mzigo, anatafuta jembe lake.